Kimya Nilichokikata

Lusaka, Zambia

Kaka yangu Filbati,

Shikamoo kaka. Barua hii ikukute unapumua vizuri, maana najua vumbi la kupeta mpunga linavyokitesa kifua chako kila mavuno. Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje? Mama anakula? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umelala chini tangu nipate habari za baba, na mpaka leo haujainuka.

Simu ilinifikia mkiwa mmeshamzika. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa hapa ninapofanya kazi nikalia mchana kweupe, watu wakipita wakadhani nimefukuzwa kazi. Mmoja akanipa ndizi. Kaka, kufiwa ugenini ni kubaya. Hakuna anayekuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na wewe unatamani sana kuulizwa.

Kisha ikaja barua ya dada Editha. Amenieleza mazishi yote, kwamba wewe na kaka Longino mlisimama pande mbili za kaburi, na alipokunyooshea mkono ukamgeuzia mgongo. Tena umesema arobaini ya baba hutaketi naye mkeka mmoja, kwa sababu hata baba mwenyewe alikufa akijua kwamba Longino amekutupa. Hapo ndipo nilipoishika kalamu. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na mimi kitinda mimba siku zote nimelishika jembe langu nikanyamaza. Siku ile ng'ombe wa Masanja, rafiki yake Longino, walipoingia kwenye mpunga wako kule Katindiuka na Longino akamtetea mwenzake, mimi sikuwepo, wala sitaki kuamua nani alikosa. Lakini hili la baba nalijua kuliko nyinyi wote, kwa sababu limetoka mikononi mwangu. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaikunja.

Unakumbuka ombi la baba. Aliposhindwa kutoka kitandani alisema anataka kusikia watoto wake wanne wakiimba tena ule wimbo wake wa kuvuka mto, aliotufundisha Kiberege alipokuwa mwalimu wa kwaya. Wewe ukasema huwezi kuimba nyumba moja na Longino. Longino naye yuko Uchindile kwenye mashamba ya miti, mimi niko huku. Dada akaniandikia amekata tamaa.

Wakati huo kanisa letu hapa lilikuwa limeletewa kompyuta yenye programu ya kurekodi muziki, pamoja na kitabu cha maelekezo kinene kama tofali. Msimamizi wetu, Bwana Mulenga, alinikabidhi akasema, "Wewe ndiye mpiga kinanda, soma. Mimi najua kuiwasha tu, kuizima bado sina uhakika." Kitabu chote Kiingereza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikanunua kamusi, nikawa nasoma mstari mmoja mpaka chai inapoa. Sura ya kwanza ilinifundisha kuunganisha nyaya, na nilipoziunganisha nikasikia redio ya jirani. Nilitamani kukirudisha. Lakini nilipofika kwenye sura ya nyimbo zenye sauti nyingi, nikashtuka. Kinasema kila mtu anaweza kuimba peke yake, siku yake, mahali pake, kisha kompyuta ikazilaza sauti zote pamoja kama watu waliosimama chumba kimoja. Nikamwandikia dada siku hiyo hiyo kwamba dawa imepatikana.

Dada hakulala. Wewe alikurekodi uani kwenye redio kaseti, naye akaimba yake, kisha akapanda treni akamfuata Longino. Kaseti zikanifikia kwa mkono wa yule mama wa Mlimba anayeleta mchele huku.

Lo, kazi ile! Betri zilikuwa zimechoka zilipofika Uchindile, kwa hiyo kaka Longino na besi yake alitoka na sauti nyembamba, mbio mbio, utadhani bwana harusi mwenye woga. Kitabu kikanionyesha jinsi ya kumrudisha. Wewe ulikuwa haraka, dada polepole. Nikawa nakata neno, nasogeza, nasikiliza, narudisha. Mimi niliimba sauti ya pili, ile ile nyembamba ya utotoni, na Bwana Mulenga akatoka nje ili acheke kwa raha. Umeme ukikatika kabla sijahifadhi, naanza upya. Nilifanya kwa mapenzi, kaka. Nilijiona namfikishia baba watoto wake wote kitandani.

Kwenye kioo cha kompyuta sauti inaonekana kama mstari wenye vilima. Mtu akinyamaza, mstari unalala. Basi katika sauti ya Longino, ubeti wa pili, palikuwa na mahali mstari umelala katikati ya maneno. Nikadhani amesahau, au kaseti imekwama. Kitabu kinasema kimya kisicho na kazi kikatwe. Nikakikata, nikayavuta maneno yaliyofuata yakagusana na ya mwanzo, wimbo ukanyooka. Nilifurahi sana. Niliona sasa nimekuwa fundi, nikaunakili wimbo kwenye kaseti nikautuma nyumbani.

Dada ameandika kwamba baba alisikiliza akiwa amefumba macho. Akaomba irudiwe. Kisha akaomba ubeti wa pili peke yake, nawe ulikuwa umekaa mlangoni. Ulipokwisha akasema, "Longino hamsubiri tena mwenzake." Akageukia ukutani, na hakuiomba tena kaseti ile mpaka siku aliyoondoka. Wewe ulinyanyuka ukatoka nje.

Niliyasoma maneno hayo nikayarudia, ndipo nikaelewa. Unakumbuka, kaka? Ubeti wa pili una ule mstari mrefu usio na pa kupumua. Pumu ilikuwa inakukaba hapo kila mazoezi. Longino akaanza kunyamaza kidogo huku anakutazama kifua, ukishavuta pumzi mnaingia pamoja, nasi wengine tukawafuata. Mwanzoni baba alikuwa anamgombeza.

"We Longino! Besi ndiyo nguzo. Ukisimama wewe, wote wanaanguka."

"Namsubiri huyu, Mwalimu. Nikienda, atabaki."

Tangu siku ile baba hakumgombeza tena. Watu wa Kiberege walizoea mpaka wakadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, nilifuata tu, na nilipokua nikasahau sababu na kituo chenyewe.

Nikaitafuta kaseti ya Longino kwenye boksi. Sikuitia kwenye kompyuta, niliiweka kwenye redio ya kawaida. Anaanza kuimba. Unasikia upepo kwenye miti, na mtu anapasua kuni karibu naye. Ubeti wa pili, anafika kwenye mstari ule, ananyamaza. Kaseti haikukwama, kaka, maana kuni zinaendelea kupasuliwa. Wala hakusahau, maana anaingia tena na neno lile lile linalotakiwa. Yuko peke yake kule Uchindile, hamjasemezana mavuno yote haya, hakuna kifua cha kutazama, na bado alikusubiri.

Nimelia kuliko siku ya simu. Baba alisikia vizuri, sikio lake halikumdanganya hata siku za mwisho. Ila alichosikia ni mkasi wangu, naye akadhani ni roho ya mwanawe. Ameondoka na huzuni ambayo haikuwa yake kuibeba. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeyamwaga nikiwa nasoma kitabu kwa bidii kabisa, kila neno kwa kamusi.

Sikuombi uusahau mpunga. Ule ulikuwa jasho lako na chakula cha watoto, na Longino hakufanya vyema kukujibu vile alivyokujibu. Hayo mtayasema wenyewe, hata kwa kufokeana. Lakini usimtwike neno la baba, kwa sababu neno lile halikuwa haki yake. Nimeifunga kaseti yake pamoja na barua hii, kama ilivyotoka Uchindile, sijaigusa. Weka betri mpya, kaa peke yako, isikilize.

Nimeomba ruhusa, na Mungu akinifikisha nitakuwa nyumbani siku ya arobaini. Mwambie mama asiniwekee chakula maalumu, ugali wowote utanitosha. Msalimie shemeji na watoto, hasa yule aliyerithi jina la baba. Msalimie dada Editha aliyemuuguza mzee mpaka mwisho, mwambie hana lawama, alifikisha alichotumwa. Mzee katekista aliyeongoza mazishi mpe shikamoo yangu. Masanja naye msalimie ukiweza. Dada anasema alikuja na maziwa matanga yote na hakukaa mbele za watu.

Kaka Longino sijamwandikia. Hajui kwamba nilikikata kimya chake, wala hajui baba aliondoka akimfikiria hivyo. Nimejaribu kumweleza kwa karatasi, nimeshindwa. Aliyesubiriwa ni wewe. Naomba umwambie wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Maurus