Masaa Kumi kwa Ndege

Lupepo, 4 Februari 1996

Mwanangu Obed,

Bwana asifiwe. Hujambo huko London? Kifua chako na hiyo baridi vinaendeleaje? Sisi tunamshukuru Mungu, ila miguu ya baba yako inamwacha. Anataka kuwaonyesha mpaka wa shamba la migomba, wewe na mdogo wako Erasto, kwa kuuzunguka mwenyewe kama babu yenu alivyomzungusha yeye. Erasto akiitwa anakuja. Wewe mwaka wa saba huu unaandika, "Mama, ni mbali."

Juzi Mwalimu Meshaki alikuja na ramani na rula. Akapima kutoka Dar mpaka huko, akaniambia kilomita elfu saba na mia tano. Nikasema basi, mwanangu amepotea. Akacheka. "Mama Obed, ndege inakwenda masaa kumi tu."

Erasto anapanda basi Dar alfajiri, anashuka Kiwira saa tatu usiku, kwa uchovu hata kusalimia hawezi. Kumbe wewe uko karibu kuliko yeye!

Nikajaribu. Jumatatu saa moja asubuhi nikasema, sasa Obed anapaa. Nikachuma chai, nikapeleka kupima, nikafua shuka za baba yako, nikabandika maharage, nikaenda kwenye maombi. Saa kumi na moja jioni nikakaa chini. Bahari, majangwa, nchi za watu, vyote vimeshapita, na maharage yangu bado yanatokota. Mungu ni mkuu.

Sasa niambie, umbali uko wapi?

Mama yako

London, 30 Juni 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na baba umfikishie. Kifua kimepona. Barua yako nimetembea nayo kwenye koti miezi minne.

Umbali haupo, mama. Chuo cha udaktari nilifeli mwaka wa pili. Naosha sahani kwenye jiko la hospitali. Na kanisani mlishanitolea shukrani kama daktari, ningeshukaje Kiwira? Nauli ninayo tangu mwaka juzi.

Mwanao Obed

Lupepo, 21 Julai 1996

Obed mwanangu,

Amani ya Bwana. Baridi imetukamata, ukungu unaingia mpaka jikoni, ila tuko hai. Wewe je, unakula?

Barua yako nimemsomea baba yako yote, sikuruka neno. Akauliza, "Sahani zenyewe zinatakata?" Tukacheka wote wawili. Ya kanisani niachie mimi. Mimi ndiye niliyesimama kusema daktari, na Jumapili nitasimama tena.

Tangu siku hiyo kila asubuhi anashika fimbo, anakwenda mpaka mgomba wa tatu, anarudi. Jana alifika wa tano. Mpaka mzima una migomba arobaini. Anasema kama mtoto anavuka nchi zote zile kwa masaa kumi, yeye na migomba arobaini ni nini.

Niandikie siku na saa ya ndege kupaa, nianze kuchuma chai. Nijibu upesi.

Mama yako