Mchanga wa Jumamosi

Rangwe,
Kaunti ya Homa Bay.
Jumapili, 23 Februari 2025.

Mpendwa wifi Roseline,

Pokea salamu kutoka nyumba hii yote. Natumai huko Voi mnaamka salama, kile kifua kilichokusumbua Krismasi kimetulia, na shemeji amepata nafuu ya mgongo akarudi kazini. Sisi tuko. Mama anakula vizuri, ila magoti hayamruhusu tena kufika hata langoni. Scovia yuko shuleni, kidato cha pili sasa, na amekuwa mrefu kunipita.

Mimi siumwi popote, lakini nimechoka, wifi. Nalala nimechoka na naamka nimechoka.

Nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili nikilisema kwa simu nitalisema vibaya. Mwalimu Cephas, jirani yetu, anasafiri kwenda Mombasa na ameahidi kushuka Voi akukabidhi barua hii mkononi. Najua ndugu yako Obare hukupigia. Mimi hajanipigia tangu Oktoba. Kwa hiyo upande wake umeshausikia. Naomba usome na wangu.

Wewe uliondoka hapa mto ukiwa bado mto. Tangu malori yaanze kuchota mchanga kwa ajili ya majumba ya mjini, ulibaki mwamba na udongo mtupu. Mvua ikinyesha asubuhi, jioni maji yote yameshakimbilia ziwani. Zamani Desemba tulikuwa tunafukua mchanga kidogo tu, kina cha goti, na maji yanachimbuka safi. Miaka hii ungefukua mpaka kiunoni upate tope.

Ndipo afisa mmoja wa maji, Bwana Oyaro, akaja kutuonyesha cha kufanya. Alisema tujenge ukuta wa mawe na simiti pale mto unapobanwa na miamba, usiwe mrefu, unifike kifuani tu. Mafuriko yakija yataacha mchanga nyuma ya ukuta, na mchanga utayashika maji chini, mahali ambapo jua haliyafikii. Tulibeba mawe kuanzia Januari ya mwaka jana hadi Machi, karibu sote wanawake. Wanaume wengi walisema hiyo ni kazi ya kuchezea matope. Aprili mvua ikashuka yote kwa pamoja, ikavunja madaraja kila mahali, lakini sisi ilituachia mchanga. Kufikia Julai tulikuwa tunateka maji pale pale ambapo mwaka uliotangulia tuliokota vumbi.

Kamati ilimchagua Celestine awe mwenyekiti, mimi nikawa katibu. Sheria niliziandika kwa mkono wangu. Hakuna kuchukua mchanga kuanzia ukutani hadi kivuko cha juu. Atakayechukua, nyumba yake haitateka maji pale kwa siku kumi na nne. Wa kwanza kuangukiwa na sheria hiyo alikuwa Nyamusi, yule mjane jirani yetu, mwezi wa Agosti. Alichukua wilbaro moja akandike nyumba yake. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, ni wilbaro moja tu." Nikamwandika. Nilijiona nimefanya kazi yangu.

Sasa nakuja kwenye penyewe. Mwanzoni mwa Oktoba, Jumamosi, watu wote wa huku walikuwa kanisani, unajua Sabato ya huku. Mimi nilibaki kwa sababu Mama alikuwa na homa. Obare aliondoka mapema, akasema anakwenda Asumbi kuulizia kazi ya mjengo. Ilipofika saa nne nikasikia trekta upande wa mtoni. Nikashuka.

Trela lilikuwa limejaa nusu. Walikuwa wanaume wanne na sepetu, na mmoja wao, aliyevua shati, alikuwa Obare. Walikuwa wanachimba pale pale nyuma ya ukuta, mguuni pake, ambapo mchanga ni mzito. Aliponiona hakuacha kuchimba.

"Mama Scovia, rudi nyumbani," akasema.

Nikamwambia, "Baba Scovia, huu ndio mchanga tuliobebea mawe."

"Mchanga ni wa mto. Mvua italeta mwingine."

"Mvua gani? Ya lini?"

Hapo akasimama, akajifuta jasho. "Mtoto ako nyumbani wiki ya tatu," akasema. "Mahindi yamekauka mara mbili. Unataka niuze nini?"

Scovia kweli alikuwa amerudishwa kwa sababu ya karo, na kila asubuhi alikuwa anavaa sare yake ya shule, anafagia uwanja, anaivua. Obare hakuwa anaiba kwa tamaa. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu.

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie, "Utaniandika?"

Nikageuka nikapanda nyumbani. Jumatatu yake Scovia akarudi shuleni.

Jioni ya Jumatatu hiyo hiyo kamati ikakutana. Kila mtu alikuwa ameona shimo, na mguu wa kushoto wa ukuta ukiwa uchi. Walidhani ni watu wa mbali. Celestine akauliza kama kuna mwenye habari. Wifi, ningeweza kunyamaza. Nilimtazama Nyamusi, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi na miguu yake imevimba, nikakumbuka zile siku zake kumi na nne. Nikafungua daftari nikasoma nilichokuwa nimeandika: Obare, wa nyumba yangu.

Celestine akasema kwa kuwa katibu amesema ukweli mwenyewe, tupunguziwe ziwe siku saba. Nikakataa. Akasema basi angalau Mama aletewe maji yake, ni mgonjwa. Hilo nililikubali.

Lakini Mama mwenyewe alilikataa. Msichana wa Celestine alipoleta mtungi, Mama alimwambia aurudishe. Mimi nikamsihi. Akanijibu, "Nyathina, Obare nilimzaa mimi. Nitakunywa mtakayokunywa." Huniita mtoto wake hivyo pale tu anapokuwa amekata shauri, kwa hiyo sikubishana.

Siku kumi na nne nilichota kisima cha upande wa Asumbi, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na kiasi hicho kurudi, mara mbili kwa siku. Shingo yangu haijanyooka sawasawa tangu wakati huo. Siku ya tatu Obare alinikuta natua mtungi mlangoni. Akasema, "Umenivua nguo mbele ya wanawake." Akachukua begi lake, akaenda Awendo kupakia miwa. Mama hutumiwa kitu kidogo kila mwezi. Mimi situmiwi hata salamu.

Mvua za Novemba zilitudanganya. Zilikuja siku mbili kwa nguvu, zikakoma. Lile shimo halikujaa. Palipochimbwa maji hayakai, na ukuta umeanza kuvujia chini upande wa kushoto. Hata hivyo, wifi, tunavyoongea ni mwisho wa Februari na bado tunateka. Ni kidogo, mitungi mitatu kwa nyumba, kuanzia alfajiri hadi saa tatu, halafu tunauacha mchanga upumzike. Chini ya ukuta mto ni mkavu kabisa, na watu wa ng'ambo wanakuja kuomba. Tumewapa zamu ya Jumanne na Ijumaa. Wengine wamenuna kwa hilo. Mimi sina nguvu ya kununa.

Wiki mbili zilizopita chifu aliitisha baraza. Bwana Oyaro akanisimamisha mbele ya watu, akasema nchi inahitaji watu kama mimi, ambao hawapendelei hata nyumba zao. Walinipigia makofi. Nilisimama pale nikiwaza kwamba nikifika nyumbani sina wa kunisaidia kumwinua Mama kitandani.

Majuto ninayo, wifi, ila si ya kumwandika. Kama ingekuwa leo ningemwandika tena. Yangu ni ya ile Jumapili, siku iliyofuata ile ya trekta. Tulikaa siku nzima pamoja. Nilimpikia, akala, akanisifia mboga. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa juu ya kabati mbele yetu. Aliniuliza swali mtoni na nilimwachia akalisikie jibu kwa watu. Niliogopa angenibembeleza, na nilijua angenibembeleza nikalegea. Hilo ndilo kosa langu, na hakuna sheria niliyoiandika inayoligusa.

Juzi kamati ilikaa tena. Mguu wa ukuta lazima uzibwe kabla ya katikati ya Machi, la sivyo mvua ya kwanza itaung'oa wote na mchanga uende nao. Anahitajika mtu anayejua mwamba uko wapi chini ya mchanga. Nyamusi akasema, "Anayeujua mto huu ni Obare. Aliyechimba ndiye azibe." Wengine waliguna, Celestine akaniangalia. Walipiga kura bila mimi, wakakubali. Wanamngoja hadi tarehe kumi na mbili, kisha watatafuta fundi mwingine, ambaye hatuna.

Akikupigia, usimwambie nimekonda wala habari za shingo yangu. Mwambie kazi ipo na waliomtaja ni kamati, si mimi. Na umwambie nimekiri kwako kwamba ile Jumapili nilipaswa kumwambia mimi mwenyewe, kabla hajamaliza kula. Asipokuja, nitaelewa. Lakini alisikie hilo kwa mdomo wa dada yake.

Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini umsuke. Scovia ameandika kwamba shangazi asisahau ile kamusi. Celestine na Nyamusi wanakusalimu pia. Nisalimie shemeji na watoto, hasa Oliver mdogo, mwambie nyanya yake hulitaja jina lake kila siku.

Mungu awalinde huko, awape mvua ya kiasi, na sisi pia atukumbuke.

Ni mimi wifi yako, nisiyepungukiwa na upendo kwako,

Nyamoita