Mzizi wa Jambula la Kamis

Old Kampala,
21 Novemba 1975.

Mpendwa mdogo wangu Safinah,

Asalaam aleikum. Kwanza niambie habari za kifua chako. Bado kinakubana asubuhi, au baridi ya Nairobi imekuonea huruma? Na magoti ya Shangazi Bakhita? Shemeji Onen amepata kazi ya kudumu? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Sabuni hakuna, sukari tunaisikia kwa jina tu, lakini tu wazima.

Nina jambo la kukueleza, na mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa. Ni habari ya choo. Haya cheka, nakujua. Ukimaliza kucheka endelea kusoma, kwa sababu ni habari ya mti wa Kamis pia.

Unakumbuka mwanao Kamis alipozaliwa humu ndani, kitovu chake tulikizika kule mwisho wa ua, tukapanda jambula, mzambarau wetu, juu yake. Kwa siku arobaini tulimwaga pale maji aliyoogeshwa. Na siku mliyoondoka, baada ya Onen kuonywa asilale tena nyumbani, uliukumbatia mti ule ukaniambia, "Dada, huu ukiendelea kusimama, nitajua tutarudi." Nami nikakuapia kwamba hautaguswa.

Basi mwezi wa tisa choo kikaanza kukoroma. Ukivuta maji, yanapanda badala ya kushuka. Mwishowe yakafurika mpaka uani, na harufu yake usiniulize. Nilijilaumu mwenyewe, maana tangu sabuni ipotee nasugua masufuria kwa jivu na mchanga, na maji yake nayamwaga kwenye sinki.

Afisa wa afya akaja na daftari lake. Unajua nyumba hii ni ya serikali, Fadhul amepewa kwa sababu ya udereva wake tu. Akatupa siku saba: uchafu ukome, la sivyo tutoke. Kisha akautazama mti, akasema huo ndio adui, ukatwe. Wallahi nilitaka kumcheka! Mti uko hatua thelathini kutoka bombani. Lakini shemeji yako Fadhul hakucheka, alikwenda kuazima shoka. Nikamwambia akitaka kukata aanze na mimi.

Nikakimbilia Katwe kumtafuta Ambroise, fundi bomba, mzee wa Kikongo mwenye jicho moja bovu. Alikuja mikono mitupu, akaniomba kitu kimoja: buluu ya kufulia. Safinah, nilikuwa na kidonge kimoja tu, nimekificha kwa ajili ya kanzu ya Idi. Nikakitoa huku moyo unaniuma. Akakikoroga kwenye ndoo, akamimina chooni, akaenda kufunua chemba ya kwanza, lile shimo la bomba lililo karibu na jiko. Maji ya buluu yakaja. Akafunua chemba ya pili, karibu na lango. Tukangoja weee, buluu haikuja.

Basi akatembea kati ya zile chemba mbili, anagonga ardhi kwa nondo aliyoiokota uani, anainama anasikiliza. Akasimama. "Iko hapa, Mama." Akachimba. Subhanallah, palepale! Bomba la udongo wa kuchoma, na kwenye kiungo chake ufa ambao hata ukucha wangu haupiti.

Akalivunja kipande, akatia mkono, akavuta. Ukatoka mzizi. Ukatoka, ukatoka, ukatoka. Mrefu kunishinda mimi, umesukana ukajaza bomba lote, laini kama nywele za mtoto mchanga. Majirani waliokuja kuziba pua wakasahau kuziba. Mimi nikawa ninarudia tu ya Rabbi, ya Rabbi.

Tukaufuata ulikotoka, kwa jembe, pole pole, ua mzima. Hatua thelathini kweli, mpaka kwenye jambula. Na pale ulipopenya ufa, mzizi ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea.

Nilimweleza Ambroise habari za kitovu na maji ya siku arobaini. Akatikisa kichwa. "Mulinywesha siku makumi ine, kisha mukaacha. Kiu iko na akili, Mama." Nikaona haya, maana ni kweli, tangu siku zile sikuupa hata kikombe.

Fadhul alikuwa ameshika shoka lake. Ambroise akamwambia aliweke chini. Alikata mzizi ule mmoja tu, akatoa bomba lililopasuka, akaweka la chuma alilotengenezewa na Odur, fundi wa vyuma wa hapo Katwe. Ila alinionya kwamba mti huenda ukafa kwa kidonda. Siku ya saba afisa akarudi, akainama juu ya chemba, nikavuta maji. Yakapita mbio yanaimba. Akaandika, akaondoka, hakuuliza habari ya mti.

Sasa kila Ijumaa nafunua chemba natazama, na jivu silimwagi tena sinkini. Na kila jioni naupelekea mti ndoo yake, kwa sababu Ambroise anasema mti ulioshiba hauendi kutembea. Lakini ulipukutisha majani yote, Safinah. Wiki tano nzima. Ndiyo maana sikukuandikia, ningeandika nini? Nilikuwa nalia jikoni Fadhul asinione.

Leo asubuhi nimekuta umechipua. Vijani vidogo, vyekundu vyekundu, kila tawi.

Msalimie sana Shangazi Bakhita, na shemeji Onen umwambie tunamtaja katika kila dua. Lamunu, jirani yetu, anakusalimu na bado anadai ungo wake. Mungu awafunike kwa mkono wake mpaka siku ya kuonana.

Ndani ya bahasha nimetia kipande cha mzizi ule. Wakiifungua njiani, wataona mzizi tu. Mpe Kamis. Mwambie ulitoka mwisho wa ua, gizani, hakuna aliyeuonyesha njia, ukafika nyumbani.

Akupendaye, asiyechoka kungoja,
Dada yako Maimunah