Chungu Kiliungua Nikicheza Karata Tatu

Umepotea wewe. Tangu Mfungo Mosi hujachungulia hapa, kama vile nilikufukuza. Haya, umekuja, kaa. Leo sina nguvu za kugombana.

Ni Jumatano, joto la Ngamiani limenilalia kifuani, mvua inatishia tu. Mgongo unauma. Mimi sikusoma, maneno haya naisemea simu, yenyewe inaandika. Aliyeniwekea ni mjukuu wangu Zuhura, niliyemlea tangu aache ziwa, na ndiye aliyenichosha.

Zuhura ameitwa Arusha, kwenye kasino ya hoteli moja, akajaribiwe kazi ya kugawa karata. Basi lake ni kesho alfajiri. Alimaliza chuo cha hoteli zamani, amekaa nyumbani mpaka mkeka umechukua umbo lake. Lakini hapandi basi bila radhi yangu, na radhi niliizuia. Kamari ni haramu, sina maneno mawili.

Mchana akanibembeleza. "Bibi, uwe mgeni tu, mimi nigawe. Hakuna pesa, ni mazoezi." Nikakubali. Karata nazijua, ujanani tulicheza turufu mpaka wanaume wakasusa. Nikainjika wali wa nazi, nikakaa mkekani. Akanipa fungu la mbegu za ukwaju.

Mchezo wenyewe ni huu. Unaweka mbegu kabla hujaona kitu. Anakugawia karata tatu, naye anachukua tatu, zake zimefunikwa. Unatazama zako. Hazifai? Unazitupa, na mbegu yako imekwenda. Unataka kukaa? Unaongeza mbegu nyingine, ndipo anafunua. Akikosa hata mzungu wa tatu, ile karata ya picha ya mwanamke, meza haikufuzu: unalipwa kwa mbegu ya kwanza, ya pili unarudishiwa. Akiwa naye au zaidi, mnashindana. Jozi inaipiga karata kubwa iliyo peke yake. Tatu za aina moja, kopa tupu au uru tupu, zinaipiga jozi. Zinazofuatana zinazipiga hizo. Tatu sawa, tuseme tisa tatu, zinapiga zote hizo. Na juu kabisa ni zinazofuatana zikiwa za aina moja.

Ujanja wake ni mmoja. Ukiwa na mzungu wa tatu, sita na nne, au bora ya hapo, kaa. Chini ya hapo, tupa. Na hata ukifuata hivyo, ukikaa sana meza itakula tu. Zuhura mwenyewe kaniambia.

Mimi kutupa sikuweza. Kwetu karata uliyogawiwa unaicheza, ukiikimbia mwenzio wa upande wako atakusema mpaka Idi. Nikakaa na mzungu wa pili, yule kijana aliye chini ya mwanamke, na tano na mbili. Takataka. Zuhura akafunua, naye hana kitu. Nikalipwa.

"Umeona, mke mwenzangu? Hiyo sheria yenu ni ya waoga."

Ile mbegu moja ndiyo iliyonimaliza.

Nikawa nakaa na kila uchafu. Mwanzo alikuwa akiniambia, "Bibi, tupa hizo." Nikamkaripia. Mgawaji anamwonya mgeni? Kule watakutupa wewe. Funga mdomo, gawa.

Akafunga mdomo. Akagawa. Mikono haina haraka, uso kama ukuta uliopakwa chokaa. Mbegu zikaisha, nikadai nyingine, akanipa.

Aliyetuinua ni jirani yangu Bi Mwanahamisi, kaingia na hodi yake, kaziba pua kwa ushungi. "Mnapika au mnachoma viatu?"

Wali wote mkaa. Na adhana ya Alasiri sikuisikia, mimi ninayewagombeza wenzangu kwa kuchelewa swala. Bi Mwanahamisi akazitazama karata, akanitazama mimi. "Hata wewe, shoga?" Nikazifunika karata kwa upindo wa khanga.

Alipoondoka nikamwuliza Zuhura, wewe hukusikia harufu?

Akainamisha macho. "Niliisikia mapema, Bibi. Lakini mgeni haambiwi inuka. Umesema nifunge mdomo."

Mtoto huyu hajawahi kumwona mzee na kapu asimpokee.

Amefuzu. Watampenda huko.

Hilo ndilo lililonichosha, mgongo ni kisingizio. Nikakwangua chungu peke yangu, nikifikiri. Kumweka hapa aozee mkekani nako ni kumtupa. Nikamwita. Nikamwambia radhi ya safari nakupa, ya kazi utaniomba upya ukishaiona kwa macho yako. Na sharti moja: akikaa mbele yako mtu ambaye nyumbani kwake kunaungua, kohoa. Kukohoa hakuna sheria iliyokukataza.

Akacheka, kisha akanibusu mkono na mkono wangu ukalowa.

Atakohoa? Au mshahara utamziba koo?

Sijui. Nimechoka, na kesho natakiwa niamke kabla ya jogoo nimpikie cha njiani.

Na wewe, ukija tena usikawie hivi. Ila uswali kwanza, na uepue chungu chako, ndipo ukae unisome.