Mistari ya Msiba Katika Daftari la Mvua

Baba,

Shikamoo. Ningekuwa kijijini kwetu Didia ningekuamkia mwangaluka, nawe ungeniitikia "mayu", yaani mama, maana nilipewa jina la mama yako na hukuwahi kuniita vingine, hata siku uliponichapa. Leo niko ofisini mjini, ofisi ya maji. Wenzangu wamekwenda kula, nami nakuandikia nyuma ya karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Karatasi hii imetoka kwenye kompyuta. Ilifika miezi mitatu baada ya kukuzika, kwa hiyo kaa nikueleze.

Ni kama redio kubwa iliyotiwa kioo, na mbele yake kuna vibonye kama vya taipureta. Imepewa chumba chake na feni yake, na kabla ya kuingia tunaivulia viatu kwa ajili ya vumbi. Usicheke. Mhandisi Mbwana, bosi wangu, mtu wa Pangani asiye na mzaha kazini, siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema Bismillahi ndipo akaweka mguu ndani. Ndani yake mna programu ya kupangia ardhi na maji. Unaipa mvua ya miaka, udongo, mteremko wa bonde na idadi ya ng'ombe, nayo inakuambia lambo likichimbwa hapa maji yatadumu hadi mwezi gani, na tuta litastahimili au litabebwa. Yenyewe haiamui. Inasema, halafu watu wanaamua.

Siku ilipochora bonde letu kwa vinyota, mstari kwa mstari, vinyota vikisongamana pale maji yanapotuama, nilisogea nikaufuata mto kwa kidole. Niliona mahali ulipokuwa unavushia ng'ombe, Baba. Mashine haijafika Didia hata siku moja, na bado ilikuwa inatujua.

Ilijulia kwako. Yale madaftari yako ya mvua, tangu bwana shamba alipolisimika kopo la serikali la kupimia mvua nyuma ya nyumba kabla sijazaliwa, yote yamo ndani. Kila siku saa tatu asubuhi ulifunga vifungo vya shati hadi shingoni, ukamimina maji ya chupa iliyo ndani ya kopo kwenye glasi ya kupimia, ukachutama mpaka jicho likawa sawa na maji. Mama akasema laiti ungemtazama yeye hivyo. Nami ulinifundisha, "Mayu, usiyasome maji umesimama, yatakudanganya." Ulipeleka namba zako wilayani kila mwezi na hakuna aliyekujibu hata kwa mstari mmoja. Nilidhani zinafungiwa maandazi. Kumbe zilikuwa zinakusubiri uheshimiwe.

Sasa nikuambie kosa langu.

Mwezi uliopita kompyuta ilitoa jibu kwamba Didia hapafai. Ilisema mvua zetu humwagika kwa mkupuo wa kutisha, kuliko vijiji vyote vya jirani, na tuta lolote pale litachukuliwa na maji. Katapila ni moja, likaandikiwa kwenda kwingine. Wewe unajua maana yake. Ni Mama kuendelea kufukua mchanga mtoni na kungoja maji yachuruzike bakuli lijae, kwa umri ule. Wewe uliliomba lambo hilo kila mkutano wa kijiji, mpaka mwenyekiti akawa anasema "Mzee, la lambo tumeliandika" kabla hujasimama.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikazitafuta zile mvua za kutisha moja moja. Kila moja ilitanguliwa na sifuri, mbili au tatu. Nikafungua daftari lenyewe, na penye sifuri nikakuta mistari yako mifupi ya kalamu. Ile ilikuwa misiba.

Kwetu mtu akifa hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe, nawe ulilihesabu kopo kuwa ndilo jembe lako. Ulipiga mstari ukaenda kukaa na wafiwa. Maji yakabaki chupani. Baada ya mazishi ukayapima yote pamoja, mvua ya siku tatu ikaingia kwenye siku moja. Niliwahi kukuuliza kwa nini huandiki sababu, ukasema, "Daftari la serikali si la kuandikia marehemu."

Na mimi niliyeyajua hayo yote ndiye niliyeichapa ile mistari kuwa sifuri. Tulifundishwa pasipo namba weka sifuri, nikaweka. Sikutaka kuutazama sana mwandiko wako, Baba. Nilichapa mbio nisije nikalia mbele ya watu, na mbio hizo nusura zimnyime Mama maji.

Nilikwenda kwa Mhandisi nikamwambia kosa ni langu. Akanipa siku tatu nilete ukweli wa kila mstari. Nikapanda lori la pamba hadi Didia. Mama tukakaa naye kivulini mwa ghala, mimi nikitaja mwaka na mwezi, yeye akitaja marehemu. Akasema, hiyo ya fundi baiskeli, ilinyesha kutwa ya kwanza, ya pili ikakatika. Hiyo ya bibi yako, kaburi lilijaa maji wakayatoa kwa ndoo. Hakuna mstari hata mmoja uliomshinda. Nilikuwa nimeistaajabia mashine, na mwanamke aliyejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima alikuwa ananitajia mvua za miaka yote pasipo karatasi. Nilimwogopa kidogo, kusema kweli.

Kumbe kompyuta ina alama yake ya siku isiyopimwa. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza. Mhandisi Mbwana alisoma, mimi nikachapa, polepole safari hii. Kila mstari tuliupa alama ile, na maji tukayagawa kwa siku zake kama Mama alivyosema. Tukafika ukurasa wa mwisho. Palikuwa na mistari miwili.

"Na huu msiba wa nani, binti?"

"Wa mwenye daftari."

Alivua kofia yake akaiweka mezani. Siku zile mbili mvua ilinyesha na hakuna aliyeligusa kopo, tulikuwa nawe. Ulipokwisha kuzikwa nilifunga vifungo hadi shingoni, nikapiga mistari miwili kama ulivyokuwa ukifanya, nikachutama, nikasoma. Milimita arobaini na moja. Ndiyo mvua uliyozikwa nayo, Baba, na imeandikwa kwa mkono wangu chini ya mwandiko wako.

Mashine ilifanya kazi mchana kutwa, umeme ukakatika mara moja tukaanza upya. Ilipoanza kuchapa nilisimama nyuma ya Mhandisi nikiwa peku. Bonde likatoka, vinyota vikajaa, na tuta likasimama. Mhandisi aliisoma mara mbili, akatia sahihi. Juzi katapila limeingia Didia na watoto wamelifuata tangu barabarani. Mwenyekiti alimwita Mama aoneshe mahali ulipopigilia vigingi vyako vya mti kuonesha penye kufaa lambo, na viwili bado vipo.

Kopo sasa analisoma Mama. Anavaa kitenge chake kizuri kwanza, na ukimcheka anakununia.

Pumzika, Baba. Nakuahidi jambo moja. Tumeletewa madaftari ya vijiji vingine, yamejaa chumba, na nitayachapa yote. Kila nitakapokuta mahali patupu katika daftari la mtu yeyote, sitaweka kitu mpaka nimeuliza nani alifariki.

Mimi,
Mayu wako