Mama, Baba Yako Hakuzama

Mama,

Leo miezi minne tangu tukuzike. Chumbani kwako mdogo wangu Tausi ameingiza cherehani yake, na harufu ya dawa yako ya kuchua imeshatoka kwenye mapazia. Nilidhani nitakuandikia habari kama hizo tu. Lakini nimempata baba yako.

Mara ngapi uliniambia, "Nitafutie hata jina la meli iliyozama naye, nipate kitu cha kushika." Nami nilikujibu, "Mama, vita vya Hitila hivyo, nani atakumbuka?" Nikaendelea kuchezea simu yangu. Ilinichukua siku mbili, Mama. Miaka yote ile uliniomba kazi ya siku mbili.

Baada ya arobaini niliichukua ile picha yake ya studio, akiwa amevaa koti la ubaharia, nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la watoto na wajukuu wa mabaharia wa zamani. Nikaandika: huyu ni babu yangu, alichochea makaa kwenye meli za mizigo wakati wa vita, meli ikapigwa na nyambizi, hakurudi. Siku ya pili akanipigia binti mmoja wa Kawe. "Dada, picha hiyo ipo ukutani kwa bibi yangu. Huyo mzee amezikwa huku kwetu."

Nikaenda. Huyo bibi yake anaitwa Mwanaidi. Kisukari kimemla vidole vya mguu, anakaa kitandani mchana kutwa. Ni mdogo wako, Mama, baba mmoja. Nilimwamkia, hakuitikia. Akasema, "Kama umefuata urithi, baba hakuacha kitu. Hapa ni kwa marehemu mume wangu."

Nikamwambia nimefuata habari tu, za baba wa mama yangu, Zuhura.

Akanitazama, kisha akacheka kicheko kibaya. "Zuhura alikufa kwa surua, hajatimiza hata miaka sita. Sie tumekulia kwenye kaburi lake."

Nilitoa simu nikamwonyesha ile picha uliyopiga na wajukuu, umevaa kanga ya njano. Aliishika kwa mikono miwili. Aliporudisha alisema, "Pua ya baba," halafu akageukia ukutani.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, kama alivyonisimulia, na kama nilivyokuja kujua baadaye. Meli ilipigwa kweli. Babu alitolewa majini ameungua mikono na shingo, akalazwa Bombay. Alipopata nafuu wakampandisha meli nyingine, akachochea makaa mpaka vita vikaisha. Hakujua kuandika, na hakuna aliyemwandikia. Huku kwetu Bibi, mama yako, alishaletewa habari kwamba meli imezama na watu wake. Akakaa eda, akaolewa tena.

Kisha Babu akarudi. Alibisha hodi mchana, na Bibi ndiye aliyefungua. Ulikuwa umepelekwa chuoni kusoma Kurani. Bibi alimwambia, "Nina mume. Na mtoto alikufa kwa surua." Babu akamwomba amwonyeshe kaburi. Mama, alimpeleka. Alimtembeza mpaka makaburini, akamwonyesha kaburi dogo la mtoto wa watu, akasimama pembeni wakati mwanamume yule akilia.

Kila Idi alikwenda pale, mpaka alipokufa. Aliwachukua watoto wake wa mke wa pili, akiwaambia, "Msalimieni dada yenu." Mwanaidi alisema akipigwa alikuwa akiambiwa, "Zuhura angekuwepo asingenitia aibu hii." Kisha akaniambia, "Mama yako alikula utoto wangu, kumbe yuko Temeke anakula wali."

Nawe kila mwaka ulimsomea khitma baba asiye na kaburi, na kaburi lake liko Kawe.

Mwanaidi alinipa kitabu cha ubaharia cha Babu nikitazame. Pale panapoandikwa jamaa wa kupewa habari akifa, lilikuwepo jina lako, limekatwa kwa mstari mmoja. Majina ya meli yameliwa na unyevu. Hata hilo dogo uliloniomba sikulipata.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Mjomba Athumani. Nilimkuta kibarazani anasikiliza redio. Nilipotaja Kawe tu aliizima, nikajua kumbe alijua. "Mama yetu alikuwa na mimba yangu," alisema. "Ulitaka amwambie nini yule mtu? Arudi kwake na tumbo la mwingine?" Nikamuuliza alijua tangu lini. Tangu siku za mwisho za Bibi. Zaidi ya miaka ishirini, Mama, na alikuwa akija kwako kila Ijumaa kula. "Dada alishazeeka. Ningemwambia ili iweje? Na wewe usifukue."

Sijarudi kwake. Amenipigia, sipokei.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi. Nilikuwepo Bibi alipokuwa anakata roho. Ulikuwa umemwogesha, umemgeuza, umemlisha uji kwa kijiko miezi tisa. Alikushika mkono, "Zuhura, nisamehe." Nawe ukambusu kipaji, "Mama, hujanikosea lolote." Aliliona kosa lake limesimama pale kitandani, lina mvi, linamfuta mate, na bado hakusema. Aliondoka na radhi yako kama mwizi. Wewe ulisamehe bila kujua. Mie najua, na siwezi. Nisamehe kwa hilo.

Nilipoaga, Mwanaidi aliniuliza ulikufa lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. "Ungekuja mwaka jana," alisema. Basi. Hakuniambia karibu tena, lakini mjukuu wake jana ameniletea ujumbe: bibi anasema Ijumaa wanakwenda makaburini, kama nataka.

Nataka.

Lala, mama yangu. Mungu akupe nafasi huko uliko, na kama watu hukutana, basi umeshamwona na barua hii haina kazi. Lakini kama hawakutani, nakuahidi, Ijumaa nitapiga magoti pale Kawe na nitamwambia baba yako kuwa surua haikukuua. Nitamwambia ulikua, ukaolewa, ukazaa watano, ukaota mvi.

Mwanao.