Kikasha cha Mzee Hakionekani

Jumanne, 3 Juni

Chepkoech ni mjukuu wangu, lakini leo nimemwambia wazi: acha kubembeleza hiyo kompyuta, ichape. Kutwa nzima anachomeka waya, anachomoa. Kikasha amekiunda mwenyewe, ni mchezo wake tangu sekondari. Babu yake, Mzee wangu, akibonyeza kitufe kitandani, honi ilie nje, nisikie nikiwa kwa majani ya chai. Kiharusi kilimchukua upande mmoja na sauti yote. Lakini kikasha hakina akili bado. Akili iko kwa kompyuta, lazima ipite kwa waya. Taa ya kikasha inawaka. Kompyuta inasema haioni kitu. Kipofu.

Jumatano, 4 Juni

Tumejaribu matundu yote ya kompyuta. Tumeizima, tumeiwasha. Wapi.

Chepkoech anarudi kazini Jumapili. Baada ya hapo ni mimi na Mzee. Nisipochuma hatuli. Nikichuma yuko peke yake, bubu. Nimeomba Mungu. Nimetukana pia.

Alhamisi, 5 Juni

Ameenda Bomet na boda. Fundi wa simu amemwambia waya wetu ni wa kuchaji tu, haupitishi habari. Amerudi na mwingine, mnene. Nikafurahi mapema kama mjinga. Kompyuta bado haioni. Sikupika. Wajue watakula nini.

Ijumaa, 6 Juni

Mzee ameanguka. Sisi wawili tumeinamia waya sebuleni, yeye yuko chini chumba cha pili. Simiti, baridi. Sijui alilala hapo muda gani. Mdomo wazi, hakuna kitu kinatoka. Ananiangalia tu. Nimemgombeza kwa nini ameshuka kitandani. Halafu nikaenda kulia kwa ng'ombe. Naogopa. Basi.

Jumamosi, 7 Juni

Chepkoech amemulika tundu la kikasha na tochi ya simu. Ndani nyeusi tititi. Akanusa, akaniuliza mimi nyanya yake:

"Kogo, hiki kililala wapi tangu nikilete Aprili?"

Pahali pazuri, nikamwambia. Tabut, dari ya juu ya moto, pale mbegu ya mahindi inalala na wadudu hawaingii. Mtu mwenye akili huweka kitu cha maana kwa moshi.

"Umekikausha kama mbegu?"

"Kwani kimeoza?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Masizi yalikuwa yamefunga njia: stima inapita, habari inakwama. Akasugua na mswaki na spiriti, akachomeka. Kompyuta ikalia ting. Jioni honi ikalia, kuku wakatawanyika. Mzee akabonyeza tena. Na tena. Nikamnyang'anya kitufe kwa muda.

Jumatatu, 9 Juni

Chepkoech aliondoka jana.

Asubuhi nilikuwa mistari ya chini, kule bondeni. Honi haifiki huko. Sikujua. Nimepanda kunywa maji nikaikuta inalia, Mzee anabonyeza, jasho usoni. Hataki maji. Hataki choo. Amenishika na ule mkono wake mzima. Nikakaa. Majani yamenyauka kwa kikapu, yanyauke.

Kesho naanza mistari ya juu, hapa karibu na nyumba. Ile ya chini iachwe, hata iwe msitu.